Nazi Moja, Matui Matatu: Kutazama Mapishi ya Televisheni kwa Jicho la Jikoni

Kipindi cha mapishi kikianza, zima sauti kwa dakika kumi za kwanza. Mpishi atasema mengi, lakini somo lenyewe liko mikononi mwake: kisu amekishika wapi, mafuta yanacheza au yametulia, mwiko unakwaruza chini ya sufuria au unapita juujuu, moto umefika ukingoni au umebaki katikati. Hayo hayaandikiki vizuri, na ndiyo sababu vipindi hivi vinanifurahisha kuliko karatasi yoyote ya vipimo. Sauti irudishe baadaye, uchukue majina ya viungo.

Vipimo lakini usivichukue vilivyo. Studio haina haja ya kufikiria nazi iliyobaki, wala chakula cha kesho. Jiko la nyumbani la Mombasa lina hesabu yake, na hesabu hiyo ni nzuri kuliko ya studio. Kwenye televisheni natafuta ufundi wa mkono, na hesabu naiacha hapa hapa tulipoikuta.

Kinachopotosha zaidi ni muda. Mpishi anatia vitunguu kwenye mafuta, kamera inakatwa, na picha inaporudi vitunguu vimeshakuwa vya kahawia. Jikoni kwako havitakuwa hivyo kwa dakika tano. Kwa pilau ya kilo moja ya mchele chukua vitunguu maji vikubwa vinne, vikatwe vyembamba kwa unene mmoja, na robo tatu ya kikombe cha mafuta. Kwa moto wa wastani itachukua dakika 15 hadi 20. Vitunguu hutoa maji kwanza, na maadamu maji yapo joto halipandi kupita la maji yanayochemka, basi rangi haiji. Maji yakiisha, mambo huenda mbio: dakika tatu tu ni tofauti ya dhahabu na mkaa. Usigeuke hapo. Vikifika rangi ya asali iliyokolea, mwagia vijiko viwili vya maji, maana mafuta ya moto yataendelea kuvipika hata ukiepua. Ukikimbilia moto mkali, ncha zitaungua na matumbo yatabaki mabichi, na uchungu ule hauondoki kwa tungule wala kwa sukari.

Ndiyo maana vipindi vya zamani vina thamani kubwa kwa anayejifunza. The French Chef ya Julia Child, mpishi wa Marekani, iliyoanza mwaka 1963 katika stesheni ya WGBH ya Boston, ilirekodiwa karibu mfululizo, bila kukatwakatwa. Kitu kikivunjika mtazamaji anakiona kikivunjika, na anaona pia kinavyookolewa. Ukipata video ya aina hiyo leo, ya mtu anayepika nyumbani na kamera moja, itazame mpaka mwisho hata kama picha si nzuri.

Sasa nazi, maana hapo ndipo televisheni na jikoni kwetu zinapoachana. Kwenye kipindi, tui linatoka kwenye kopo, linamiminwa lote kwa mpigo mmoja, na zito na jepesi hayatofautishwi. Nazi moja kubwa ya soko la Kongowea au Marikiti inatoa matui matatu, na kila moja lina kazi yake.

Kuchagua: ipime mkononi, iwe nzito kuliko inavyoonekana, itikise, usikie maji, tazama macho matatu, yawe makavu. Jicho lenye unyevu au ukungu maana yake hewa imeshaingia. Ukiivunja, onja maji yake kabla ya kuikuna. Yakiwa machachu au yana harufu ya sabuni, nazi hiyo imekwisha, usiipe nafasi, maana itaharibu sufuria nzima. Ukitumia mbuzi ya kukunia, ikune nyama nyeupe na uache unapoona weusi wa ganda. Ukizidisha, tui litakuwa la kijivu na lenye ukakasi. Blenda inafaa, lakini menya ngozi ile ya kahawia kwanza na usisage zaidi ya nusu dakika, la sivyo chicha inakuwa laini mno na kupita kwenye chujio.

Tui la kwanza: kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, kikombe cha mililita 250. Maji yawe ya joto ambalo mkono unalivumilia. Ya baridi hayalegezi mafuta ya nazi, kwa sababu mafuta hayo huanza kuganda chini ya nyuzi 24 hivi; yanayochemka yanaivisha nazi na kuipa ladha ya kupikwa kabla ya wakati wake. Finya kwa nguvu, chuja kwa kifumbu au kitambaa safi. Tui la pili: vikombe viwili vya maji juu ya chicha ileile. La tatu: vikombe viwili tena. Hili la tatu ni maji meupe tu kwa macho, na wengi hulimwaga, lakini lina utamu wa kutosha kuchemshia muhogo, kunde au mchicha kuliko maji matupu.

Kwa familia ya watu watano, nazi hiyo moja yaweza kuhudumia siku nzima. Tui zito linamalizia mbaazi za asubuhi; la pili na la tatu yanapikia wali wa mchana. Wali huo hautakuwa mzito kama wa harusi, lakini una harufu, na punje zinaachana. Kwa joto la Mombasa lakini, tui halingoji. Ukilikamua asubuhi na kulitumia mchana, liweke kwenye friji mara moja, au lichemshe kwa chumvi kidogo huku unakoroga, kisha ulifunike. Likiachwa bichi juu ya meza mpaka adhuhuri huchachuka.

Mbaazi kavu nusu kilo, zilowekwe usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, tia maji mapya yapite mbaazi vidole vitatu, chemsha mpaka punje ibonyezeke bila kukataa: saa moja hadi saa moja na nusu kwa sufuria, dakika 20 hadi 25 kwa presha kuka. Usitie ndimu, ukwaju wala tungule kabla hazijaiva. Uchachu hukaza ganda la mbegu za jamii ya kunde, na utachoma makaa bure. Magadi yanalainisha haraka, kweli, lakini yanapasua punje, yanaacha ladha ya sabuni na kuharibu vitamini B1. Kama umeloweka vizuri huna haja nayo. Zikiiva, punguza maji yabaki usawa wa mbaazi, tia kitunguu kimoja kilichokatwa, pilipili mbichi mbili zilizopasuliwa, nusu kijiko cha chai cha manjano na chumvi. Baada ya dakika kumi mimina tui zito, teremsha moto, koroga taratibu kuelekea upande mmoja mpaka lianze kufukuta. Sufuria iwe wazi.

Hapa ndipo anayeiga televisheni anapoharibikiwa. Malai ya Ulaya yana mafuta mengi na yanavumilia kuchemka, tui halivumilii. Mafuta ya nazi yameshikana na maji kwa msaada wa protini, na protini hiyo joto likipanda sana hukatika, mafuta yakaelea na chini kukabaki maji yenye vidonge. Mfuniko unaongeza joto, kuacha kukoroga kunaongeza joto chini, na uchachu unamaliza kazi. Basi mchuzi wenye tui na ukwaju utie ukwaju mwisho, moto ukiwa mdogo kabisa. Likishakatika, vijiko viwili vya tui bichi zito ulilolificha pembeni, ukoroge nje ya moto, hurekebisha sura kidogo. Ladha haijapotea, mchuzi unalika.

Mahamri ya kuzilia mbaazi hizo ni mtihani mwingine. Kwa kilo moja ya unga wa ngano: sukari gramu 200, hamira ya chengachenga kijiko kimoja cha mezani, iliki iliyosagwa kijiko kimoja cha chai kilichojaa, samli kijiko kimoja cha mezani ukipenda, na tui la uzito wa kati nusu lita kwa kuanzia. Tui liwe vuguvugu. Likipita nyuzi 55 hivi hamira inakufa, na donge halitaumuka hata ulisubiri mpaka jioni. Sukari inayeyuka na kulegeza unga, kwa hiyo tui la ziada ongeza kwa kijiko, baada ya kukanda dakika tano, si kabla. Kanda dakika 12 hadi 15, mpaka donge liache kunata na ukilibonyeza kidole lirudi. Lifunike saa moja na nusu. Gawa madonge manane, yapumzike dakika kumi, sukuma kila moja unene wa nusu sentimita au zaidi kidogo, kata vipande vinne. Unapata mahamri 32.

Vipande hivyo vinahitaji dakika 15 hadi 20 za kuumuka tena chini ya kitambaa. Kwenye kipindi hatua hii hukatwa, na mtazamaji hupeleka unga mbichi kwenye mafuta. Kitambaa kina kazi: uso wa unga ukikauka unakuwa ngozi, na ngozi hairuhusu hewa kupanua. Mafuta yajaribu kwa kipande kidogo cha unga. Kizame kidogo na kupanda juu baada ya sekunde mbili au tatu. Kikibaki chini, mafuta ni baridi na mahamri yatanyonya. Kikibadilika rangi papo hapo, ni moto mno, nje itaiva na ndani kubaki ute. Hamri likiingia, limwagie mafuta ya moto juu kwa upawa mara tatu nne kabla ya kuligeuza. Mvuke wa ndani unasukuma pande zote kwa pamoja na linavimba. Lililosukumwa jembamba sana halivimbi hata ufanyeje. Na ukizidisha sukari ukidhani unaongeza utamu, hamira inazembea na rangi inawahi kabla ya kuiva.

Oveni nayo isikutishe. Televisheni inasema nyuzi 180 na watu wanazima runinga. Seredani, yaani jiko la makaa, na mfuniko bapa wa bati au sufuria vinatosha, ukijua kanuni: ukioka, makaa mengi yawe juu, machache chini, kama theluthi mbili juu na theluthi moja chini. Joto la chini linagusa chuma moja kwa moja, la juu linapita hewani, ndiyo sababu hayapaswi kulingana. Ukiyalinganisha, chini kutaungua na juu kubaki kweupe.

Mkate wa sinia ni mazoezi bora. Loweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha, chuja maji yote, saga na kikombe kimoja na nusu cha tui na robo tatu ya kikombe cha sukari, iliki, na kijiko kimoja cha chai cha hamira. Saga mpaka ukisugua rojo kati ya vidole usisikie chenga. Chenga zikibaki zinazama na mkate unakuwa na tabaka gumu chini. Acha uumuke mpaka ujae povu, kama saa moja kwa joto letu. Usiuache ukapanda na kushuka wenyewe, maana ukishashuka umepoteza hewa na utapata uchachu na mkate bapa. Pasha sufuria iliyopakwa mafuta kwanza, mimina rojo, lisikike likichacharika. Moto wa chini mdogo mpaka matundu yatokeze juu na kingo zikauke, kisha weka mfuniko na makaa juu dakika 10 hadi 15. Kwa wenye gesi tu: sufuria kubwa, mchanga mkavu safi wa vidole viwili chini, ipashwe na mfuniko dakika 15, ndipo sufuria ndogo ya mkate iingizwe ndani. Inachukua muda zaidi na juu hakupati rangi nzuri, lakini ndani kunaiva.

The Great British Bake Off, shindano la kuoka lililoanza BBC mwaka 2010, ina raundi moja ninayoipenda kuliko nyingine: washiriki wanapewa karatasi iliyoondolewa hatua nyingi, imeandikwa "oka" bila kutaja muda. Mtu aliyefundishwa kupika kwa "tia kiasi" na "mpaka uone" angekuwa na nafasi nzuri pale. Kujua kwa jicho na kidole ni ujuzi kamili, na unastahili kufundishwa kwa makini uleule wanaoupa mizani.

Kwenye samaki, studio inaonyesha minofu mieupe isiyo na mwiba, na kichwa hakionekani kabisa. Kichwa cha changu au kolekole ndicho supu. Ng'oa matamvua mekundu yote, hayo ndiyo yanayoleta uchungu na harufu. Osha damu iliyoganda kando ya mfupa. Tia maji baridi, kitunguu, thomu punje tatu, kipande cha tangawizi. Ikianza kuchemka engua povu, kisha moto mdogo dakika 20 hadi 25 na uchuje. Supu ya ng'ombe hupenda saa nyingi. Ya samaki ukiipitisha sana inakuwa chungu na ya chokaa. Supu hii ikitiwa kwenye mchuzi badala ya maji, vibua wa bei ndogo wanaonja kama samaki wa meza kubwa.

Vibua hao wapake. Wachanje mistari mitatu kila upande mpaka mfupani, wakae nusu saa na chumvi, ndimu, thomu na tangawizi iliyopondwa. Wafute wakauke kabla ya kuwaweka juu ya makaa, kwa sababu samaki mwenye maji ananata kwenye wavu na ngozi inabaki huko. Wavu nao upate moto kwanza, upakwe mafuta. Rojo ni tui zito lililochemshwa taratibu na manjano, pilipili na chumvi mpaka lishike mwiko, kisha maji mazito ya ukwaju vijiko viwili. Lipake samaki akiwa ameiva robo tatu. Ukilipaka mapema, linaungua wakati nyama bado mbichi, na hilo ndilo kosa nionalo mara nyingi kwenye video.

Vipindi vya kufundisha kubana matumizi jikoni si vipya. Mwaka 1940, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea na vyakula vikigawiwa kwa kipimo huko Uingereza, BBC ilianzisha kipindi cha redio cha asubuhi kiitwacho The Kitchen Front, kikiwafundisha watu kupika kwa kile kilichopo sokoni. Ningependa kuona cha namna hiyo kwenye televisheni zetu, hasa Ramadhani inapokaribia na video za futari zinapojaa jibini na chokoleti, huku muhogo wa nazi na tambi zikipewa dakika mbili.

Kwa futari, katlesi ndizo zinazonyoosha nyama kuliko kitu kingine ninachokijua. Robo kilo ya nyama ya kusaga na kilo moja ya mbatata hutoa katlesi 16 hadi 18. Mbatata zichemshwe na maganda yake, zimenywe na kupondwa zingali moto. Zikimenywa kwanza zinakunywa maji, na maji hayo ndiyo yanayopasua katlesi ndani ya mafuta. Nyama ikaushwe kabisa kwenye sufuria na thomu, tangawizi, pilipili manga na chumvi, dania itiwe ikishapoa. Tengeneza, ziache friji nusu saa, zichovye kwenye mayai mawili yaliyopigwa, kaanga kwa mafuta yanayofika nusu ya kimo chake. Rojo la mbatata likiwa jororo, usitie unga wa ngano, unaleta mnato. Tia boflo la jana lililokaushwa na kukunwa, vijiko vitatu au vinne.

Kitu kimoja hakionyeshwi kwenye kipindi chochote: asubuhi ya pili. Mwiku wa wali na chai ni kifungua kinywa kizuri, na wali wa nazi uliopashwa kwenye kikaango chenye kijiko cha samli, ukashika ukoko mpya, mimi naupenda kuliko ulivyokuwa jana. Lakini uanze kuutunza usiku. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus haziuawi na kuchemsha wali. Zinaamka wali unapopoa polepole ndani ya sufuria iliyofunikwa. Utandaze kwenye sinia, upoe ndani ya saa moja, uingie friji kwenye chombo chenye mfuniko, uliwe kesho yake. Kupasha: nyunyiza vijiko viwili vya maji, funika, moto wa wastani mpaka mvuke utoke katikati, si pembeni tu. Wali uliolala mezani ukateleza au kunuka uchachu, tupa. Hata usiponuka, kama umelala nje usiku kucha usiule, kwa sababu sumu ambayo bakteria huyo ameshaiacha ndani yake haivunjwi na moto wa jikoni.